Daktari wa Miti, Lipangalala

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimemwona kwa macho yangu. Huyo Festo wanayemsema. Amekuja na guta zima la vyombo — kamba ya rangi ya chungwa, mikanda, kofia ngumu ya njano, misumeno ya injini, zile chenso, mbili. Mbili! Mtu mmoja ana mikono mingapi? Na buti. Buti zenye chuma mbele, zinang'aa kama za askari wa gwaride. Yote hayo kwa ajili ya kupunguza mjohoro wa pale kwa muuza mchele. Mjohoro ambao mimi nimeupunguza miaka kumi na tatu, peku, kwa panga na kamba ya katani.

Watu walijaa kutazama. Mimi nilikuwa napita tu. Nilipita mara tatu.

Wanasema alikuwa upande wa Mang'ula, anakata misaji kwenye mashamba ya watu. Mkataba ukaisha, akaona ahamie Lipangalala, maana huku miti imezeeka na upepo ni mwingi. Kama vile huku hakukuwa na mtu! Kama vile miti hii ilikuwa inajitunza yenyewe!

Teddy kaniuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo. Mke wangu huyu, miaka thelathini na nne ndani ya nyumba moja, akacheka. Kasema tumbo hilo linaitwa Festo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa. Kwaresma hii naacha pombe. Teddy akasema ningeacha wivu ingekuwa na faida zaidi. Nimemjibu hizi ni siku arobaini tu, mwanamke, usiniombee miujiza.

Seminari padre alitufundisha kuandika makosa yetu kila siku kabla ya kulala. Seminari walinifukuza, tabia imebaki. Ila nikisoma nyuma naona siku hizi naandika zaidi makosa ya wenzangu.

Haya, la kwangu la leo: kanisani sikusikiliza somo. Nilikuwa natazama kisogo cha Festo. Alikaa benchi la tatu, kavaa shati jeupe. Hata kupiga magoti anapiga vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu ya leo sitamsimulia mtu.

Nimepita njia ya shuleni saa nane, watoto wanatoka. Wakapiga kelele, "Daktari! Daktari wa miti!" Nikageuka, mkono juu, tabasamu limeshatoka. Kumbe Festo yuko nyuma yangu juu ya guta. Mkono ukabaki hewani. Nikajifanya najikuna kichwa.

Jina hilo ni langu! Nilipewa na Mwalimu Margareta mwaka 2009, mbele ya watu, jumuiya nzima imekaa uani kwake. Mwalimu alinifundisha darasa la nne, na hajawahi kumsifu mtu bure. Upepo wa mwaka ule ulikuwa umepasua mvule wake pale kwenye panda, matawi makubwa yanapoachana, juu kidogo ya bati la jikoni. Yeye alikuwa Mahenge kumzika mama yake. Aliporudi akakuta mti umesimama, umepona. Akasema, "Beatus, wewe si mkata matawi. Wewe ni daktari wa miti." Tangu siku hiyo hata watoto wa chekechea wananiita hivyo. Walikuwa wananiita.

Matibabu yangu hayana chenso. Shimo la mti nalikwangua mpaka liwe safi, najaza kokoto za mto na zege, nasawazisha kwa mwiko, napaka oili chafu. Baada ya miaka gome linakuja taratibu, linafunika. Hata mimi mwenyewe siku nyingine natafuta mahali nilipotia sipaoni. Na kabla ya yote nagonga kwa mgongo wa panga, nasikiliza. Mti mzima unajibu kwa ukavu — ta! Mti mgonjwa unajibu bu. Hilo huwezi kulinunua dukani pamoja na buti.

Jumapili, 9 Machi

Padre kahubiri vishawishi vya jangwani. Baada ya misa Teddy alisimama na Festo muda mrefu. Nimehesabu watu waliopita kati yao: kumi na tisa. Njiani kaniambia kijana ana adabu. Kijana! Mtu ana miaka arobaini na mbili, ana mvi. Eti kamuuliza Festo haogopi kule juu, akamjibu anaogopa kila siku, ndiyo maana anavaa mikanda. Teddy kasema jibu hilo limempendeza.

Mimi sijawahi kuogopa. Hilo halijawahi kumpendeza mtu.

Jumatano, 12 Machi

Upepo. Mungu wangu, upepo.

Ulianza saa kumi jioni kutoka upande wa milima ya Udzungwa, mweusi, mvua inakuja kwa ubavu. Bati zimeruka mtaa mzima. Mti wa mkungu wa rafiki yangu Obadia umeanguka. Umelalia banda la kuku na nusu ya jiko. Mke wake alikuwa ametoka jikoni dakika hiyohiyo kufuata chumvi. Kuku saba wamekufa.

Mkungu ule niliutibu mimi, 2012.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda kwa Obadia asubuhi na panga langu, kabla jua halijawa kali, nisaidie. Nikamkuta Festo yupo. Obadia ni mstaafu wa mashamba ya miwa, tumekunywa naye, tumezikiana. Hakunipigia mimi simu. Alimpigia yeye.

Nikakaa juu ya tofali. Festo akawasha chenso, akaanza kukata gogo vipande. Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu — kelele! Cheche! Mnyororo ukakatika, mashine ikaruka juu kama kitu hai, Festo akajitupa nyuma. Suruali yake ya kazi imechanika juu ya goti. Ngozi haikuguswa. Angechelewa kidogo tu, sijui.

Halafu Obadia akainama, akachungulia. "Jamani, mti una zege!"

Walivyocheka! Mtu mmoja kauliza kama mti huo ulikuwa umechimbiwa msingi. Mwingine kasema umekosa dirisha tu. Mimi nilikuwa nacheka nao, kwa nguvu kuliko wote. Festo peke yake hakucheka. Alichomoa bonge la zege kwa mtaimbo, akatuonyesha. Nyuma yake mti ulikuwa umekuwa uji. Mweusi, unanuka, funza wamejaa. Akaeleza polepole kwamba zege halinywi wala halipumui, maji yanaingia pembeni na kukaa, mti unaoza ndani huku nje unapendeza. Akauliza nani alifanya hivi.

Obadia akanitazama. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Zamani ndivyo tulivyofanya." Nikasema tulivyofanya, wakati nilikuwa peke yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja nyumbani. Festo, hapa, kwenye kiti changu. Teddy kampa chai na mihogo ya kukaanga, na kikombe kile cha maua ambacho mimi hupewa nikiugua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakuja kugomba. Hilo ndilo limeniudhi. Ningependa agombe. Aliweka karatasi na kalamu mezani akasema, "Mzee wangu, mimi si mtu wa kukucheka. Nitajie tu miti yote uliyotia zege, na mahali. Nikiwa chini naruka. Nikiwa juu nimefungwa mkanda, nitaruka kwenda wapi?"

Nikamtajia. Mfenesi wa parokiani, kwenye kiuno. Mwarobaini wa mama wa mgahawa. Mjohoro wa njia panda, mashimo mawili. Anaandika, ananiuliza upande gani, kimo gani, na mimi nakumbuka kila mmoja — nani aliniletea maji, nani alinishikia ngazi. Tukafika kumi.

Akauliza, "Basi, mzee? Ndiyo yote?"

Nikasema ndiyo yote.

Ni kumi na mmoja.

Wa kumi na mmoja ni mvule wa Mwalimu Margareta. Ulikuwa kwenye ulimi kabisa. Lakini Teddy alikuwa anammiminia chai ya pili, anamwangalia yule mtu kama anavyomwangalia padre, na mimi nikawaza: huu hapana. Hii kumi achukue, na jina achukue, na watoto wa shule achukue. Huu mmoja aniachie.

Karatasi ameiacha hapa. Amepiga picha kwa simu, akasema nikikumbuka mwingine niongeze, nimtumie kwa mama, yaani Teddy.

Jumapili, 16 Machi

Na niandike lote, maana hapa hakuna anayesoma.

Najua mvule ule umeoza. Najua tangu 2016. Niligonga pale kwenye panda: palipo na zege, ta. Kiganja kimoja juu yake, bu. Pembeni, bu. Nikashuka, Mwalimu akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema mzima kabisa, atatuzika sote. Akacheka. Tangu hapo kila mwaka napunguza matawi ya chini tu. Kule juu sipandi.

Niliandika kwamba sijawahi kuogopa. Uongo.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu Margareta kaja mwenyewe, na fimbo yake, mwendo wote ule kwenye tope. Miaka themanini na nne! Nimemwambia shikamoo nimesimama kama niko darasani.

Kasema hataki nisikie kwa watu. Amempa Festo kazi ya mvule. Mkungu wa Obadia umemtisha, halali, kila upepo ukivuma anasali mpaka asubuhi. Chumba chake kiko chini ya tawi kubwa. Festo ataupunguza juu, Jumamosi hii.

Nikauliza kwa nini si mimi.

"Umezeeka, Beatus. Sitaki uanguke kwangu. Wewe umeshautibu, sasa mwache mwenzako aunyoe."

Aliongea kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko bakora zake za darasa la nne. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Ningeweza kusema pale. Barabara ilikuwa tupu, bodaboda moja tu. Nikamwambia aangalie asiteleze.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikuwa na mpango: nimwambie Festo faraghani. Dakika tano. Nikaenda hadi anapokaa.

Nikamkuta uani ananoa minyororo, na watu wameshika foleni! Yupo mtu wa parokia, yupo mama wa mgahawa, yupo hata Obadia, kakaa kwenye benchi ananiambia nisubiri zamu yangu, daktari yupo kazini. Hivyohivyo. Kwa kinywa cha Obadia, aliyelia kwenye bega langu siku alipomzika mdogo wake.

Nikageuza. Njiani nikawa nasema peke yangu kwa sauti: haya, daktari! Si una masikio? Usikie basi mvule huo mwenyewe!

Nikasimama. Mtoto mmoja aliyebeba ndoo alikuwa ananitazama. Maneno hayo yametoka kwangu. Beatus, Mkristo, majivu kwenye paji la uso wiki mbili tu zilizopita.

Ijumaa, 21 Machi

Njia ya Msalaba, halafu nikaungama. Nimetaja wivu. Padre akanipa fungu moja la rozari na kunishauri nimwombee huyo ndugu. Zege sikulitaja. Nikajiambia halimo kwenye amri yoyote.

Limo. Najua. Ni ya tano: usiue.

Teddy kaniuliza jioni kuna nini. Nimesema tumbo. Safari hii hakucheka. Kasema, "Baba Eustaki, hebu niambie." Akilitaja jina la mtoto wetu wa kwanza kwa namna ile, huwa nasema kila kitu. Leo nimesema naomba maji.

Jumamosi, 22 Machi

Saa sita u nusu. Nimetoka kwa Mwalimu. Naandika haraka.

Nilikwenda asubuhi ili niseme. Naapa. Nilivaa hata viatu vya kanisani.

Uani watu tele. Mwalimu kanitengea kiti karibu na chake, kiti cha mgeni rasmi. Festo keshafunga kamba zake. Akaja mbele yangu na kofia mkononi, akatoa salamu, halafu akasema wote wasikie: "Mzee, mimi nina mashine, wewe una masikio. Sipandi mpaka uugonge uniambie."

Kanipa panga. Panga langu mwenyewe, alikuwa ameliagiza kwa Teddy asubuhi bila mimi kujua. Amelinoa.

Nikainuka, nikapanda ngazi mpaka pandani, nikagonga. Ta. Nikasogeza kiganja kimoja. Bu. Nikagonga tena, taratibu, ili wa chini wasisikie. Bu. Bu. Mti mzima wa miaka mia unaniambia ukweli sikioni, na chini yangu uso wa Mwalimu umeinuka, miwani inang'aa, anatabasamu. Anawaambia watu, "Mnaona? Ndiye aliyeuponya."

Festo kauliza, "Huu je, uliwahi kuutia kitu?"

"Huu sikuutia kitu. Mzima."

Nimesema hivyo. Mzima. Watu wakapiga makofi. Makofi yangu ya kwanza tangu huyu mtu ahamie hapa, na yalinoga, Mungu anisamehe, yalinoga mpaka nilipofika ngazi ya mwisho.

Festo akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Asante, mzee. Akasema ataanza na matawi ya pembeni, akishakula ndiyo apande pandani, amalize kabla upepo wa jioni haujaanza. Nikasema tumbo. Nikaondoka.

Saa nane kasorobo. Nasikia mashine kutoka hapa. Mlio mrefu, inazima, tawi linaanguka. Mlio mrefu, inazima. Kazi safi. Anakata kama mtu anayejua, nimesema, na iandikwe.

Saa nane na robo. Mashine imenyamaza, wanakula. Teddy amepita na sufuria ya wali na kambale wa Mofu. Eti mtu hawezi kupanda mti na njaa. Atakaa naye pale chini na Mwalimu mpaka wamalize, arudi na vyombo. Nikamwambia asikae chini ya mti. Kaniuliza kwa nini, mti si mzima?

Alisimama mlangoni akisubiri jibu. Nikamwambia aende, wali unapoa.

Kwa simu siwezi. Nimempigia Festo mara mbili, haipokelewi, bila shaka iko kwenye guta. Ya Teddy inalia hapa mezani, kaisahau.

Karatasi ya Festo hii hapa. Kumi, kwa mwandiko wake mzuri. Nimeongeza:

11. Mvule wa Mwl. Margareta. Pandani, upande wa jikoni. Zege na kokoto, ndoo nne. Juu yake pameoza urefu wa mkono mzima. Nilidanganya. Usipande. Beatus.

Inasomeka. Namtafuta mtu wa kuipeleka. Njia nzima hakuna mtu, wote wako kule wanatazama. Nikipeleka mwenyewe itabidi nisimame wanisome usoni, Mwalimu na Obadia na wote wale, na Teddy.

Upepo umeanza. Mapema, hata saa tisa bado. Mapazia yanaingia ndani.

Mashine imewaka.

Si ya pembeni hii. Mlio unatoka juu. Yuko pandani.

Viatu viko wapi! Nilivivua hapahapa — Teddy huyu na kupangapanga kwake — basi, naenda peku, karatasi ninayo, naen